Waliorudishwa mlangoni nao wahesabiwe: barua ya wazi kwa kaunti sita za Pwani

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kwa mawaziri wa kaunti mlioshika kilimo na mifugo. Kwa wakurugenzi wa mifugo. Na kwa Wawakilishi Wadi mtakaopitisha bajeti.

Asalaam alaykum, na kwa wasiosalimiana hivyo, hamjambo.

Mimi ni mkazi wa Kisauni. Kabla ya kurudi nyumbani nilikaa miaka sita nyuma ya dirisha la mapokezi la makao ya mbwa na paka katika mji mmoja wa Texas, Marekani. Jina la makao hayo sitalitaja, maana wengi niliofanya nao kazi walikuwa wema kuliko utaratibu waliokuta. Kilichonifanya niandike ni neno moja nililolisikia kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, katika kaunti ambayo nayo sitaitaja. Afisa mmoja alisimama akasema kuna wafadhili walio tayari kusaidia kujenga makao ya mbwa na paka, "makao yasiyoua hata mmoja". Ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga, mkono ukitangulia akili. Usiku sikulala.

Kazi hii ni yenu kwa sheria, hilo halina mjadala. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwenye majukumu ya kaunti, linataja udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Ni mstari mfupi, na wengi huuruka wakikimbilia barabara na zahanati, lakini tangu ugatuzi uanze 2013 hakuna wa kumsukumia. Kwa hiyo simwambii mtu asijenge. Naomba tu, kabla jiwe la msingi halijawekwa, mjue hilo neno "yasiyoua" limetoka wapi na huko lilikotoka limetenda nini.

Huko Marekani makao ya wanyama yako makundi mawili, na ugomvi wao ni kama wa mawifi, hauishi. Kuna makao ya mlango wazi. Ukifika na mnyama, awe mzee, awe na upele, awe amemng'ata mtoto, anapokelewa bila kuulizwa nafasi ipo au haipo. Nafasi ikikosekana, mmoja wa waliomo ndani anachomwa sindano ya mwisho. Halafu kuna makao yasiyoua. Haya hayamchomi mtu sindano, nisamehe, mnyama, kwa sababu tu ya kukosa banda. Lakini yakijaa yanafunga mlango, au unapewa miadi ya mwezi ujao. Wa mlango wazi huwaita wenzao wanafiki, na wenzao huwaita wao wachinjaji.

Kipimo kilichozoeleka cha kutoua ni asilimia 90. Kati ya kila wanyama 100 waliopokelewa, 90 watoke hai. Wale 10 wanachukuliwa kuwa ndio ambao maumivu au ukali wao hauna dawa. Best Friends, shirika la ustawi wa wanyama la Kanab, Utah, lilijiwekea lengo kwamba nchi nzima ifike hapo ifikapo 2025. Ni kipimo kizuri kwa kukitazama, lakini lisomeni tena lile neno "waliopokelewa", kwa sababu mimi nilikaa upande wa wasiopokelewa.

Makao yetu yalikuwa na bango ukumbini, namba yake inabadilishwa kila mwezi: 94, 95, mwezi mmoja 96. Chini yake picha ya mtoto amemkumbatia mbwa wa sikio moja. Kazi yangu ilikuwa orodha ya kungojea. Mtu akija na mnyama na mabanda yamejaa, naandika jina, simu, aina ya mnyama na sababu, kisha namwambia kwa ule upole tuliofundishwa: "Tutakupigia." Jumanne asubuhi, mabanda yakipatikana, nashika simu.

Nakumbuka Jumanne moja ya Agosti, jua la huko likiwaka kama la Magarini mwezi wa pili. Niliwapigia watu kumi na mmoja, waliokuwa wamengoja wiki tatu hadi tano. Wawili simu hazikupatikana. Watatu walisema bado wanaye, wanakuja. Mmoja alikuwa mzee aliyekuja dirishani analia, anahamia nyumba ya kupanga isiyoruhusu mbwa. Alipokea, nikajitambulisha, akanyamaza kidogo, akasema, "Asante, binti. Hatuna haja tena." Nikamwuliza kama mbwa amepata mtu. Akarudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, akakata. Watano waliobaki walinijibu kama yeye.

Kompyuta ilikuwa na kitufe kimoja cha kuwafunga watu hao: ombi limeondolewa. Nilikibonyeza mara nane, pamoja na wale wawili wasiopatikana. Mwisho wa mwezi bango likasoma 95.

Wanyama wale walikwenda wapi? Huenda wapo waliopata jirani mwema. Kilichonikaa moyoni ni kwamba hakuna mtu katika jengo lile, kuanzia mkurugenzi hadi mimi, aliyetakiwa kujua. Hatukumdanganya mtu. Tulikuwa na namba ya kweli kabisa, na kila mfadhili aliyekuja kuiona alipewa kahawa.

Sitaki pia kuwapambia mlango wazi wa zamani. Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, mama wa Kimeksiko aliyeianza kazi hiyo enzi ambazo kila Ijumaa mabanda yalimalizwa ili wikendi yajae upya. Alisema zama zile mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa kuwa na wa nyuma ulikuwa wazi. Mbwa wazima, wa miaka miwili, mkia ukipiga meza, aliwashikilia yeye wakati daktari anatafuta mshipa. Alikuwa akiweka hesabu yao kwenye daftari dogo, kisha siku moja akaliacha garini juani mpaka kurasa zikanyauka, hakulifungua tena. Mtu akiniambia "turudi kwenye mlango wazi" bila kueleza atafanya nini na mlango wa nyuma, namkumbuka mama huyu.

Wanaohubiri kutoua hupenda kuanzia San Francisco, na wana haki. Richard Avanzino alishika uongozi wa chama cha ustawi wa wanyama cha mji huo mwaka 1976. Chama hicho kwa miaka mingi kilikuwa kimebeba kazi ya jiji ya kukamata mbwa wazururaji na kuwaua. Mwaka 1989 kazi hiyo ikahamia kwa idara mpya ya jiji, na mwaka 1994 pande mbili zikatia saini: mnyama mzima anayefaa kulelewa, idara ikishindwa kumpatia mwenyewe, chama kitamchukua na hatauawa. Ilikuwa ahadi nzito, na ilifuatwa. Ila utazame mpangilio wake. Palikuwa na nyumba mbili, jirani kabisa, moja inapokea kila anayeletwa na nyingine inachukua kutoka kwa ile. Nyuma ya zote mbili kulikuwa na miaka ya kuhasi mbwa na paka kwa bei ya chini, hata vitoto visivyo na mwenyewe vikawa vimeanza kupungua kabla wino haujakauka. Waliokuja kuiga waliondoka na jina. Ile nyumba ya pili waliisahau, na kuhasi wakakufanya jambo la sikukuu.

Austin, huko huko Texas, walijaribu kwa nyumba moja. Baraza la jiji lilipitisha mpango wa kutoua mwaka 2010, wakavuka asilimia 90 mwaka 2011, na mwaka 2019 wakapandisha lengo hadi 95. Hayo ni mafanikio. Siyabezi, na watu wa kujitolea wa mji ule walifanya kazi ya kushangaza kulea vitoto vya paka usiku na mchana. Lakini mwaka 2015 mkaguzi wa jiji lenyewe aliandika kwamba kituo hakina nafasi wala rasilimali zinazolingana na lengo hilo, na mwaka 2022 kituo kikatangaza kwamba kwa muda kitapokea wa dharura tu. Huo ni mji tajiri. Ukizidiwa, mnyama ana kaunti jirani yenye daktari na gari la kukamatia. Sisi tukifunga mlango wa Kilifi, jirani ni nani? Ni jaa la Mwakirunge, ni mikoko, ni kijana aliyepewa shilingi mia mbili na gunia.

Kwa ujumla Marekani imepiga hatua kubwa. Miaka ya 1970 makadirio yalikuwa zaidi ya milioni 10 wanaouawa kwenye makao kila mwaka. Kufikia 2019 ASPCA, shirika la kutetea wanyama la huko, lilikadiria kama 920,000, kati ya milioni 6.3 walioingia. Ukiuliza kilichoishusha namba ile, bango la ukumbini si la kwanza kutajwa. La kwanza ni kisu cha daktari: mbwa jike aliyefungwa kizazi hana watoto sita wa kuletwa kwenye boksi mwezi wa nne.

Italia ndiyo inayonitisha zaidi, na sijui kwa nini haitajwi na wafadhili. Mwaka 1991, kwa Sheria namba 281, Italia ilikataza nchi nzima kuua mbwa wazururaji, isipokuwa mgonjwa mahututi, asiyepona, au aliyethibitika kuwa hatari. Nia njema, sheria ya kiungwana. Mbwa wakawa wanakamatwa, na wasiopata mwenyewe wanabaki bandani maisha yao yote kwa gharama ya manispaa, na kwingi, hasa kusini, manispaa ikamlipa mwenye mabanda binafsi kwa kila mbwa kwa kila siku. Fikirini hapo kama wafanyabiashara. Mbwa akipata nyumba, malipo yanakatika. Akitibiwa, faida inapungua. Akikaa tu, anahema, fedha inaingia. Yakazuka mabanda ya mamia ya mbwa mahali pamoja, mbwa wanaozeeka kwenye saruji bila kukanyaga nyasi, na wahalifu wakanusa fedha hiyo. Hakuna aliyeuawa, na sheria ile ya kutoua haijavunjwa.

Nilimjua mmoja wa namna hiyo kwetu Texas, dume la manyoya ya kijivu, kichwa kikubwa. Alikaa kwetu mwaka na miezi miwili kwa kuwa hapendi mbwa wenzake na hakuna mtu aliyemtaka, na kumchoma sindano kungegusa namba. Mwezi wa tano alianza kuzunguka. Alizunguka upande wa kushoto tu, pua ikigusa ukuta kwenye kona ileile, mpaka ukutani kukawa na mstari wa hudhurungi, na puani kidonda kisichofunga. Ukimwita anasimama, anakutazama, anatikisa mkia mara mbili, kisha anarudi kwenye mzunguko kama mtu aliyekumbuka kazi. Kwenye bango alihesabiwa aliye hai.

Hapa Pwani hatuhitaji mtaalamu kutoka Utah kutueleza jambo hili. Kila mtoto aliyepita madrasa anaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha, na hakumwachia akajilia vijidudu vya ardhini. Hakuna panaposemwa alimpiga. Na hadithi ya pili mnaijua, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Mbwa yule hakupelekwa nyumbani kwa mtu. Alipewa maji pale alipokuwa.

Sasa njooni huku kwetu, maana mbwa wetu si mbwa wa Texas. Wengi mnaowaita mbwa koko wana wenyewe. Mbwa unayemwona Bombolulu alfajiri akipekua taka, saa nne utamkuta kalala chini ya meza ya mama wa chapati, anaitwa Tomi, na watoto wa ua ule watakulaani ukimchukua. Akiingia kwenye gari la kaunti amekwisha kuwa "mzururaji", na mama wa chapati hana nauli wala faini ya kumkomboa. Hivyo makao yatajazwa kwanza na mbwa wasiohitaji makao.

Na watatoka vipi? Nyumba nyingi za Pwani hazifugi mbwa ndani, kwa sababu za dini na za nafasi, na hakuna tangazo litakalobadili hilo kwa mwaka mmoja. Wageni wa Diani na Watamu huchukua wachache. Wanaotaka kuruka nao Ulaya wanakuta sharti la chanjo, kipimo cha damu cha kinga ya kichaa cha mbwa, na kungoja miezi mitatu baada ya kipimo. Mlango wa kutokea ni mwembamba kama wa mskiti wa kijijini. Makao ya mbwa hamsini yatajaa kabla rangi haijakauka, na hapo ndipo yule afisa, ambaye hana ubaya wowote, atakapoandika kwenye geti: TUMEJAA.

Sasa fikirieni nani yuko nje ya geti siku hiyo. Kichaa cha mbwa kinaua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kama asilimia 40 yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Kenya makadirio ya serikali yamekuwa hadi watu 2,000 kwa mwaka, na mkakati wa taifa uliozinduliwa 2014 unataka tuwe tumekimaliza ifikapo 2030. Mbwa anayetokwa mate, anayeng'ata ukuni, aliyefungwa kwa kamba ya katani nyuma ya tuktuk, akiambiwa arudi wiki ijayo, hatangoja miadi. Na yule aliyemng'ata mtoto lakini anaonekana mzima ndiye anayehitaji banda kuliko wote: akifungiwa siku kumi akaendelea kuwa mzima, daktari anajua mate yake hayakuwa na kichaa siku alipong'ata, na familia inajua la kufanya na sindano zilizobaki. Huyu ndiye mbwa ambaye makao yanayolinda namba huwa ya kwanza kumkataa, kwa kuwa ataharibu hesabu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, nikiwa ndiye ninayekataa.

Mtaniambia, basi turudi kwenye risasi na sumu, Sheria ya Kichaa cha Mbwa inaturuhusu kuua wazururaji. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipoingiwa na kichaa 1997, waliua mbwa kwa maelfu kwa maelfu, na kichaa kikabaki. Watu huficha mbwa, huhamisha mbwa kwa mashua, na nafasi ya aliyekufa inachukuliwa na mtoto wa jirani asiyechanjwa. Mnamwua hata yule mliyemchanja mwezi jana. Ng'ambo tu ya Shimoni na Vanga iko Pemba. Walichanja mbwa, kichaa kikatoweka, kikarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 kikawa kimezimwa. Kinachotakiwa ni kuwafikia asilimia 70 ya mbwa, kijiji kwa kijiji, na kurudia. Sijasikia kwamba Pemba walihitaji jengo la ghorofa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza linahusu fedha. Mkipata shilingi mia za wanyama, sitini na zaidi ziende kwenye chanjo na kuhasi kabla ya tofali la kwanza. Lamu wanajua kazi ya namna hii: tangu 1987 kuna zahanati ya punda pale mjini, punda anatibiwa bure, anakatwa kwato, anatolewa minyoo, kisha anarudi kwa mwenyewe kubeba mchanga. Hakuna aliyejenga bweni la punda wote wa kisiwa. Paka wa Mji wa Kale na wa Lamu ni vivyo hivyo. Paka mzima wa soko la samaki ana makao, ni soko la samaki. Ahasiwe, akatwe ncha ya sikio atambulike, arudishwe palepale kesho yake. Kwake yeye mlango wazi maana yake ni meza ya daktari, kizimba hakimhusu. Hapa wenzangu wa kutoua wako sawa kuliko wa mlango wazi wa zamani, nakiri.

Jengo liwe dogo, la siku chache. Mabanda ya kutazamia mbwa waliong'ata kwa siku kumi yajengwe kwanza, mbali na mengine, na yasitumiwe kwa lingine hata mkijaa. Getini asirudishwe mnyama mgonjwa, aliyeumia, aliyeng'ata, wala yule ambaye aliyemleta anasema waziwazi hawezi kurudi naye. Wengine mnaweza kuwapa siku, sina ugomvi na miadi. Ugomvi wangu ni na miadi inayotolewa mikono mitupu. Mpe mtu dawa ya upele, mpe mfuko wa chakula, mwandikie barua mwenye nyumba. Yule mzee wa Jumanne hakuwa amemchoka mbwa wake. Alikuwa amepandishiwa kodi.

Kama mtampa mtu binafsi au shirika kandarasi, msilipe kwa kichwa kwa siku. Lipeni kwa mbwa aliyechanjwa, aliyehasiwa, aliyerudishwa kwa mwenyewe. Italia imeshatulipia karo ya somo hili.

Na sindano. Najua hapa ndipo wengi mtaacha kusoma, kwa kuwa hakuna gavana anayetaka picha yake karibu na neno hilo. Mlango ukiwa wazi, wako watakaochomwa. Mbwa aliyekanyagwa na matatu mgongo ukavunjika, mbwa mwenye kichaa, mbwa kama yule wa kijivu anayezunguka. Na kuna mwezi ambao pia mzima atachomwa kwa sababu nafasi hakuna, ingawa mmefanya yote. Siwezi kuwaahidi kwamba mwezi huo hautafika. Ukifika, achomwe na daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi mzito inayosimamisha moyo, mtu mmoja akimshika na kumsemesha. Risasi na nyama ya sumu zikomeshwe. Jina la daktari liandikwe na sababu iandikwe, hata ikiwa sababu ni "tulikosa banda". Hasa hiyo. Mwakilishi Wadi akiisoma "tulikosa banda" mara arobaini kwenye ripoti moja, atajua la kuuliza kwenye bajeti inayofuata. Akisoma "asilimia 96" atapiga makofi kama nilivyopiga mimi.

Kwa wafadhili mwambieni hivyo hivyo. Msitie saini mkataba wenye sharti la sifuri, yaani asiuawe hata mmoja. Atakayeondoka kwa sababu hamkumwahidi sifuri alikuwa anataka bango.

Nimechora daftari la mlangoni. Ni daftari la kawaida la kurasa mia mbili, nimepiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza tarehe na saa. Ya pili mnyama, rangi, jinsia, jeraha. Ya tatu aliyemleta, ametoka mtaa gani, simu. Ya nne sababu, kwa maneno yake mwenyewe, si kwa vifupisho vyetu. Ya tano tulimjibu nini. Ya sita, ambayo ndiyo pana kuliko zote, ni ya kujazwa baada ya wiki mbili kwa kumpigia simu, awe alipokelewa au alirudishwa: yuko wapi sasa? Karani akijibiwa "hatuna haja tena", aandike hivyo hivyo, na mwisho wa mwezi zihesabiwe, zibandikwe ukutani pamoja na za waliotoka hai na za waliochomwa, kwenye karatasi moja, herufi za ukubwa mmoja.

Nakala ziko sita. Ya Mombasa nitaileta mwenyewe ofisi ya mifugo Jumatatu asubuhi, na hizo tano nitazituma kwa basi, isipokuwa ya Lamu ambayo ndugu yangu amekubali kuivusha Mokowe.

Wenu mtiifu,
aliyekuwa karani wa dirishani,
Kisauni, Mombasa